Nicanor Ombija Aigandisha Changarawe

Kwa heshima na taadhima, kwa wazee wenye viti na wazee wa kusimama, kwa akina mama wa kanisa na wa soko, kwa vijana walioegemea ukuta wa posta tangu wakiwa na meno ya utotoni, pamoja na kuku wote wa Tarafa ya Rangwe: mnatangaziwa kwamba mnamo mwezi wa Januari, mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na sita, mwenzetu Nicanor Ombija aliiamuru changarawe isitembee, nayo ikatii. Simameni. Wenye kofia, vueni. Haya, sasa ketini, maana habari yenyewe ni ya mwanamume aliyemwagia mawe gundi kwa keni ya kunyunyizia maua, na hakuna mtu mwenye akili zake anayeweza kuisikiliza yote akiwa amesimama.

Nicanor ni mzaliwa wa Rangwe. Alisoma mpaka darasa la saba, akaanguka mtihani kimya kimya, kama anavyofanya mambo yake yote. Ni mrefu, mwembamba, na maneno yake kwa siku unaweza kuyabeba kwa mkono mmoja. Watu wa kwetu wakimwona mtu hasemi hudhani anafikiri. Kosa hilo limeshatupatia madiwani watatu na mchungaji mmoja, na bado hatujajifunza.

Kwa miaka tisa alikuwa mtunza bustani kwenye kambi ya watalii kisiwani Takawiri. Mwenye kambi alikuwa mzungu mmoja aliyekuja kuvua mbuta kwa kujifurahisha, jambo ambalo wavuvi wa pale walilitazama kama vile wangemtazama mtu anayelipa ili aruhusiwe kufua nguo za jirani. Mzungu huyo alikuwa na maadui wawili duniani: upepo na kuku. Akitandaza matandazo ya makapi chini ya maua yake, upepo wa ziwa unayabeba hadi kwenye supu ya wageni. Upepo ukilala, kuku wa wavuvi wanaingia kuchakura. Akimwaga changarawe kwenye njia ya ufuoni, wageni wake wenye visigino vya waridi wanaisukuma kando kwa kando mpaka njia inageuka mfereji.

Ndipo akaagiza dawa. Ilikuja kwa mitungi ya lita ishirini, nyeupe kama maziwa. Unaichanganya na maji, nusu kwa nusu. Unainyunyiza kwa keni juu ya changarawe au matandazo yaliyokauka, halafu unaacha siku nzima bila mguu wa mtu. Ule weupe unapotea, mawe yanashikana kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu, na mvua ikinyesha maji yanapenya katikati na kwenda zake. Mzungu aliiita kwa jina refu sana. Nicanor alilishika jina hilo wiki mbili, likamponyoka, akabaki na neno lake mwenyewe: gundi.

Kambi ilipofungwa mwaka wa tisini na tano, mzungu aliwaambia wafanyakazi kila mmoja achague kitu kimoja aende nacho. Mpishi alichagua friji, ingawa kwao stima haijafika mpaka leo, na friji hiyo sasa ni kabati la sare za shule. Mlinzi alichagua jenereta. Mwendesha mashua alichagua injini, akaondoka nayo kabla mzungu hajamaliza kusema. Nicanor alizunguka stoo nusu saa nzima, akatoka na mitungi minne ya gundi, na mzungu akaihesabu kuwa kitu kimoja.

Mkewe, Trizah, alimpokea getini na mtoto mgongoni. Akafungua kifuniko kimoja, akanusa.

"Baba Mourine, hii ni maziwa?"

"Ni gundi."

"Ya kubandika nini?"

"Mawe."

Trizah akaketi juu ya mtungi. "Mpishi ametoka na friji. Mlinzi ametoka na jenereta. Hata yule paka wa jikoni, nina hakika, alitoka na samaki. Na mume wangu, miaka tisa, ametoka na gundi ya mawe."

"Mitungi minne," akasema Nicanor.

Sasa msimhukumu haraka. Hakuwa mjinga wa kiasi hicho. Alikuwa mjinga wa kiasi kingine kabisa, na ili tukipime itabidi turudi nyuma, mwaka wa tisini na tatu, siku mama mkwe wake alipokuja kwake kwa mara ya kwanza.

Mama mkwe huyo anaitwa Phelesia, na kwao ni Masara, kule Suna, wilaya ya Migori, mahali ambapo watu huchimba dhahabu kwa sururu na matumaini. Kwa miaka ishirini Phelesia amesimama kwenye maji ya matope hadi magotini, karai mikononi, akitikisa mchanga na mawe mpaka kibaki chini kile kitu chembamba cha kung'aa. Ni mwanamke mfupi, mpana, mwenye vidole kama koleo. Mawe anayajua kuliko mchungaji anavyoijua sadaka.

Kwa ujio huo wa kwanza, wanaume wengine wangerekebisha choo. Nicanor alileta changarawe. Magunia manane, laini, za mviringo, alizookota ufuoni Takawiri wakati wa mapumziko yake, akazivusha kwa mashua hadi Homa Bay na kutoka hapo kwa pikapu. Akazimwaga kutoka getini hadi mlangoni, juu ya udongo mwekundu uliokanyagwa na vizazi vitatu hadi ukawa mgumu kama sakafu. Alitaka mama wa Trizah akanyage njia kama ya wazungu. Ndugu zake wakaja kuisifu. Hakuna aliyeikanyaga, kwa sababu ilikuwa safi.

Kama umewahi kukanyaga maharagwe sakafuni, huna haja ya kusimuliwa. Phelesia aliingia getini na kikapu cha ndizi kichwani. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikuwa hatua tena. Ndizi zilifika chini kabla yake.

Na hapo ndipo heshima yetu ilipoonyesha ubora wake wote. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hamkazii macho, wakikutana njiani anajitosa kichakani kana kwamba amekumbuka kitu huko. Mama mkwe tunamwita maro, na maro haguswi. Nicanor alikuwa umbali wa mkono mmoja. Alifanya kama alivyolelewa: akaweka mikono nyuma, akageuka, akautazama ua. Ndugu zake sita, ambao kwa hesabu ya ukoo nao ni wakwe, wakageuka pia. Wanaume saba, mikono kumi na minne, wote wanatazama ua kwa makini kama ndio kwanza umechipuka, huku mama wa watu amelala chali kama mbuta aliyetupwa kwenye mchanga, akijaribu kuinuka na changarawe inamrudisha. Akijaribu, inamrudisha. Wanawake walikuwa jikoni nyuma ya nyumba, wakipiga vigelegele kwa sababu walisikia kishindo na kudhani ni shangwe.

Trizah ndiye aliyekuja mbio, unga mikononi, akamwinua mama yake.

Phelesia hakula. Hakunywa hata maji. Maro kuanguka kwa mkwe wake si jambo la kupanguswa na kitambaa. Mbuzi mmoja alipelekwa Masara kumfuata, na mbuzi huyo alipokelewa, akachinjwa, akaliwa. Lakini miguu ya Phelesia haikurudi Rangwe. Mwaka ukapita, ukapita wa pili. Mtoto Mourine akazaliwa, akaota meno, akaanza kutambaa, na nyanya yake alikuwa anamjua kwa kuambiwa tu.

Mwezi wa Desemba, Trizah alikwenda Masara peke yake kumsihi mama yake. Alirudi na jibu, akalitoa mumewe akiwa anakula.

"Mama anakuja. Jumamosi ya mwisho ya Januari."

Nicanor akaacha kutafuna.

"Amesema anakuja mara moja. Akianguka tena, harudi peke yake. Anarudi na mimi na Mourine. Na mimi nimekubali."

"Umekubali?"

"Nilimwona mama yangu chini, baba Mourine. Mimi mwenyewe niliona migongo yenu. Saba." Akaondoa sahani. "Hapa sitaki mbuzi mwingine. Nataka mama yangu akae kwa kiti ndani ya nyumba yangu, amshike mtoto. Kama hiyo haiwezekani kwa hii boma, basi niko na kwetu."

Trizah si mtu wa kupiga kelele. Siku iliyofuata alizifua nguo zake zote na za mtoto, akazikunja, akazipanga juu ya kitanda mahali ambapo mume lazima azisogeze ili alale.

Basi ndiyo hiyo. Ndiyo maana mwanamume mzima aliacha friji akachukua gundi. Kila siku kule Takawiri alikuwa akiona changarawe zilizokaa mahali pake, na kila siku akimkumbuka mwanamke aliyelala chali.

Kazi ilianza wiki ile ya mwisho, jua likiwa kali, wingu hakuna. Nicanor alizikusanya changarawe zote, akaziosha, akazianika juu ya magunia, akazigeuza mchana kutwa kama mtu anayekausha mahindi. Wapita njia walisimama getini. Wapo waliouliza kama zinaliwa. Kandokando ya njia alipanda maua, na chini ya maua akatandaza makapi ya miwa aliyoyaleta kwa gunia kutoka upande wa Awendo, kwa sababu mzungu alifanya hivyo, na Nicanor hakuwa mtu wa kuuliza mzungu alikuwa na sababu gani. Halafu akazirudisha changarawe njiani, akazisawazisha kwa ubao, akafunga kamba ya katani pande zote na kuining'inizia vitambaa vyekundu ili hata mlevi aone. Alhamisi asubuhi akajaza keni, akaanza kunyunyiza kutoka getini, akirudi nyuma taratibu kuelekea mlangoni.

Kamba na vitambaa kwetu maana yake ni moja: njooni muone.

Wa kwanza kufika alikuwa naibu chifu Jared. Huyu ni mtu ambaye kazi yake ni kufika mahali kazi ikiwa inafanywa na wengine, akasimama mbele yake. Alikuja na koti, fimbo ya kiofisi, na Mwalimu Mokaya, mkuu wa shule ya msingi. Mokaya ni Mgusii. Amekaa Rangwe miaka kumi na mmoja na amekataa katakata kujifunza Kijaluo, kwa hiyo akifika mahali sote tunalazimika kuhamia Kiswahili kwa ajili yake, na kwa sababu hiyo pekee anahesabiwa msomi.

Jared aliinua kamba kwa fimbo, akapita chini yake, akasimama katikati ya njia.

"Omera, ndugu yangu Nicanor! Hii ndiyo ile barabara?"

"Ni njia ya nyumba, chifu."

"Usiite njia. Ukiita njia, D.O. wa tarafa hatakuja. Ita barabara ya kisasa."

"Chifu, hapo umesimama..."

"Nimesimama kwa maendeleo."

"Umesimama kwa gundi."

Mahali pengine mtu angemshika mkono akamtoa. Lakini kwetu mgeni aliyeingia bomani hasukumwi, na ofisa wa serikali aliyeanza kusema hakatizwi. Basi Jared akahutubia. Alihutubia dakika ishirini, kwa watu tisa na mbwa mmoja, juu ya vumbi, juu ya umoja, juu ya Rangwe kutangulia huku Migori ikibaki nyuma ikihesabu mashimo ya Masara. Aliahidi kwamba Jumamosi yeye mwenyewe atakata utepe.

Mokaya naye alikuwa amechuchumaa kando ya kamba akiuchunguza ule weupe kwa kidole.

"Bwana Nicanor, hii kitu ikikauka inashika kweli?"

"Inashika."

"Na kwa kichwa cha mtoto wa darasa la nne, itashika kitu?"

"Inashika mawe, mwalimu."

"Basi itashika," akasema Mokaya, na kwa mara ya kwanza alionekana mwenye furaha.

Hotuba ilipokwisha, Jared alijaribu kuondoka. Mguu wa kulia ulikuja na sehemu ya barabara ya kisasa. Wa kushoto vivyo hivyo. Alitoka pale ameongezeka kimo kwa inchi nzima, akitembea kama mwanamke aliyevaa viatu virefu kwa mara ya kwanza, na kila hatua ikilia kama mtu anayetafuna karanga. Hakuna aliyecheka. Tulihifadhi kicheko, tukakitumia baadaye, na mpaka sasa hakijaisha.

Lakini kabla hajaondoka alikuwa ameona mitungi. "Huu mmoja," akaugusa kwa fimbo, "serikali itauchunguza." Na serikali, yaani karani wake, ikauchukua begani.

Nicanor alizijaza zile nyayo mbili kwa changarawe mpya na gundi mpya. Akaendelea. Ijumaa adhuhuri sehemu ya juu ilikuwa imekauka, ngumu, imeng'aa kidogo kama imelowa umande. Kuku waliletwa na tabia yao. Jogoo alipanda juu ya matandazo, akapiga kucha. Hakuna kilichoruka. Akapiga tena, akainamisha kichwa, akamtazama Nicanor kama mteja aliyeuziwa kilo ya sukari yenye nusu mchanga. Nicanor alisimama pale akimtazama jogoo, na wanaosema walimwona akitabasamu wanasema kweli.

Halafu keni ikakauka. Mtungi wa tatu ulikuwa umekwisha, na kutoka gundi ilipoishia hadi mlangoni ilibaki mita moja. Mita moja ya changarawe huru, safi, za mviringo, zinazosubiri kisigino.

Aliisuuza mitungi yote mitatu akamwaga ule usuuzi. Ulikauka ukawa si kitu. Akaenda ofisi ya naibu chifu kuomba arudishiwe walau nusu. Alimkuta karani akiwa ameshaimwaga gundi yote, bila kuchanganya hata tone la maji, juu ya mawe yaliyozunguka mlingoti wa bendera. Kofia ya karani ilikuwa imeangukia humo. Ilikuwa humo bado.

Jioni hiyo kilikaa kikao cha mita moja. Ndugu sita, Mokaya, Jared mwenyewe.

"Tandika mkeka," akasema ndugu mmoja.

"Mkeka utateleza juu ya changarawe," akajibu mwingine, na akasifiwa kwa kuona mbali.

"Mwagia uji mzito," akasema Mokaya.

"Kuku watakula."

"Weka ubao."

"Ubao utabingirika."

Jared akasema kwamba yeye atamshauri mama kwa maneno, kwani ana uzoefu wa kuwashauri wananchi. Watu wazima tisa walizunguka mita moja ya mawe hadi saa ya ng'ombe kurudi zizini, wakiipigia hesabu kama mto usiovukika, na Trizah alipita katikati yao mara mbili akibeba maji, akiwatazama vile mtu anavyotazama mafuriko yakipanda.

Jumamosi, saa tano asubuhi, Phelesia alifika na wanawake wawili wa Masara. Getini alikuta kipande cha pazia kimefungwa, na nyuma ya pazia Jared na mkasi.

"Karibu, mama! Karibu kwa barabara ya kwanza ya kisasa katika—"

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni naibu chifu."

"Toka kwa njia."

Akaliinua pazia mwenyewe akapita. Nicanor alikuwa amesimama kando kabisa, mgongo kwake, uso uani, kama desturi inavyotaka. Mabega yake yalikuwa juu karibu na masikio.

Phelesia hakukanyaga. Alichuchumaa pale getini kwanza. Alitoa chupa ya maji kwenye kikapu, akamimina kidogo juu ya mawe, akatazama maji yanavyozama. Akachagua jiwe moja, akaliingizia ukucha ubavuni, akalivuta. Akachagua jingine.

"Trizah."

"Naam, mama."

"Mume wako amefanya nini hapa?"

"Ameweka gundi."

"Gundi." Akalitamka kama mtu anayeonja mboga isiyo na chumvi. "Mawe haya ni yale yale?"

"Ni yale yale, mama."

Akainuka. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne, watu wote bomani walivuta pumzi kwa pamoja hata ungedhani kuna aliyechomwa sindano. Mguu ulitua, ukakaa. Phelesia akaukandamiza, akauzungusha kama anayezima sigara. Changarawe haikusema kitu. Akaendelea, katikati ya maua na matandazo yaliyobandikwa, hana haraka, mpaka njia ikaisha.

Akasimama. Akanyoosha kidole gumba cha mguu, akagusa mawe ya mita ile ya mwisho. Yakabingirika.

Trizah alikuwa mlangoni na Mourine kiunoni, anamtazama mama yake tu. Mabega ya Nicanor yakazidi kupanda. Alikuwa amesikia ule mlio mdogo wa mawe, na mlio huo alikuwa akiujua.

"Ruka tu, mama," akasema Jared kwa sauti ya hekima. "Ni mita moja."

"Ruka wewe."

Na Jared, ambaye hajawahi kuona nafasi ya kuonyesha mfano akaiacha, alichukua kasi, akaruka. Aliruka vizuri, tusimnyime haki yake. Ni kutua ndiko kulikomshinda. Alikwenda chini koti juu, fimbo upande wake, mkasi upande wake. Yeye si maro wa mtu. Mikono kumi na miwili ikamrukia na kumwinua mara moja.

Phelesia aliitazama mikono hiyo. Aliitazama mmoja mmoja, mpaka wenyewe wakaiweka mifukoni.

"Lete karai," akamwambia binti yake.

"Mama?"

"Karai. Ya kuogea, ya chochote."

"Mama, wacha. Maro hafanyi kazi kwa boma ya mkwe. Watu watasema nini?"

"Siku nilianguka walisema nini?"

Karai ikaletwa. Phelesia alikunja leso, akainama pale pale, mbele ya ndugu wa mkwewe, mbele ya serikali na elimu, akaanza kuzoa. Haikuwa kazi ya kubahatisha. Kiganja kimoja kinakwangua, kingine kinapokea, karai inajaa, inabebwa, inamwagwa kando ya ua, karibu na visigino vya Nicanor, ambaye alisogea kidogo bila kugeuka. Karai ya pili. Ya tatu ilikuwa nusu, na hiyo, kwa mazoea ya mikono, aliitikisa mara mbili akachungulia chini yake.

"Hata dhahabu hakuna," akasema.

Ardhi nyekundu ikabaki wazi, kavu, ngumu kama ilivyokuwa siku zote. Phelesia akapangusa mikono, akaikanyaga, akaingia ndani, akavuta kiti mwenyewe akaketi.

"Mtoto yuko wapi?"

Trizah akamweka Mourine mapajani pake, akasimama hapo akilia na kucheka, halafu akapaza sauti kuelekea jikoni kwamba ugali usongwe mwingi, mama analala. Zile nguo zilizokunjwa juu ya kitanda alizihamisha mwenyewe ili mama apate pa kuweka kikapu.

Nje, wanaume walibaki wameizunguka ile mita moja. Mokaya aliigonga kwa kiatu. Ndugu mmoja akaigonga pia. Wakaitazama njia nyuma yao, yote, kutoka getini, gundi lita sitini, siku mbili za kamba na vitambaa. Kisha wakautazama tena ule udongo mtupu ambao mama mmoja ameufunua kwa dakika tano. Jared alikuwa akipangusa magoti.

"Nicanor," akasema, na sauti yake ya baraza ilikuwa imemtoka kabisa. "Miaka mitatu, omera. Miaka mitatu mke karibu akuhame. Mbona hukuyatoa tu haya mawe?"

Nicanor aligeuka kutoka uani, kwa sababu sasa aliruhusiwa kugeuka. Alilitazama rundo la changarawe kando ya miguu yake, akaitazama njia.

"Nilikuwa na gundi," akasema.